Mwalimu, Umesoma kwa Nani?

*Katika viunga vya Temeke na Kinondoni mikanda myeusi ya karate na judo imezidi kuwa mingi, na wazazi wanakabidhi watoto wao kwa watu ambao hakuna aliyewauliza elimu yao wameipata wapi. Mwandishi wetu amefuata cheti kimoja kutoka ukuta wa Mbagala hadi kwa mzee wa Keko.*

Saa moja na nusu ya asubuhi, siku ya Jumamosi, kabla jua la Mbagala halijapata makali yake, watoto 23 walikuwa wamesimama safu tatu juu ya sakafu ya saruji iliyopasuka, miguu mitupu, baadhi yao katika mavazi meupe ya karate yaliyokunjwa mikono mara tatu ili viganja vionekane, baadhi katika fulana za shule. Na mbele yao alisimama mtu wa makamo, mrefu, mkakamavu, aliyefunga kiunoni mkanda mweusi uliotariziwa kwa uzi wa rangi ya dhahabu maneno ya Kijapani ambayo, kama nilivyokuja kujua baadaye, yeye mwenyewe hakuweza kuyasoma.

Alihesabu kwa sauti, *ichi, ni, san, shi*, na kwa kila hesabu ngumi 23 zilitoka pamoja. Ilikuwa sura ya kupendeza. Watoto wale walikuwa na nidhamu ambayo walimu wengi wa darasani wangeitamani, na yule mtu aliwaita kila mmoja kwa jina lake, hata mdogo wao kabisa, ambaye hakuzidi miaka sita.

Penye lango palikuwa na mama mmoja akikaanga vitumbua. Mwanawe alikuwa safu ya pili. Nilipomsalimu na kumwuliza alijuaje kwamba huyu ni mwalimu wa kweli, alinyoosha mwiko wake kuelekea ukutani, mahali palipotundikwa fremu ya kioo. "Kaka yangu, mimi Kijapani sikijui," akasema. "Niliona cheti, nikaona muhuri mwekundu, nikasema basi, mwenye muhuri ana mwenyewe."

Nikaenda kukitazama cheti kile.

MWAKA AMBAO HAUKUWAKO

Kilikuwa karatasi ya rangi ya maziwa, maandishi yake yakishuka kutoka juu kwenda chini na safu zake zikianzia kulia, kama ilivyo desturi ya hati za Kijapani. Muhuri wake ulikuwa mwekundu, walakini wekundu wake ulilala bapa ndani ya karatasi, sawasawa na wino mweusi uliouzunguka. Ilhali wino wa muhuri wa Kijapani ni mzito, una mafuta, na aghalabu ukiupitishia kidole kidogo huhisi mpaka wake. Huu haukuwa na mpaka. Ulikuwa picha ya muhuri.

Kwa idhini ya mwenye dojo, yaani ukumbi wa mafunzo, nilipiga picha, nikampelekea rafiki yangu mmoja aliyekaa Japani miaka sita akisomea uhandisi. Alinijibu kabla ya adhuhuri. Cheti chasema kwamba mwenye jina hili amepewa *shodan*, yaani dan ya kwanza, katika mwaka wa 66 wa enzi ya Showa.

Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Showa ilianza mwaka 1926, ikakoma tarehe 7 Januari 1989, siku aliyofariki Mfalme Hirohito. Na kwa kuwa mwaka wake wa 64 ulianza tarehe mosi ya mwezi ule ule, mwaka huo uliishi juma moja. Baada yake ikaja enzi ya Heisei. Afisa yeyote wa dojo la Japani aliyekaa kuandika hati katika mwaka 1991 angeandika Heisei 3, kama vile karani wa Dar es Salaam asivyoweza kukosea akaandika kwamba barua yake imetoka Tanganyika mwaka 2005.

> *Mwaka wa 64 wa Showa uliishi siku 7. Mwaka wa 66 haukuwako kabisa.*

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Mwezi Aprili 2017, pale Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti, na watumishi wa umma 9,932 wakabainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Taifa lilikubali kuingia gharama na machungu yote yale ili kujua kama karani aliyeketi nyuma ya meza kweli alifaulu kidato cha nne. Mtu anayeushika mkono wa mtoto wa miaka sita na kuupinda mpaka upeo wa kiungo chake, huyo hatujamwuliza neno.

IJAZA YA WAJAPANI

Yafaa msomaji ajue asili ya mkanda wenyewe, maana wengi huudhania kuwa kitu cha kale kama milima ya Japani. Sivyo. Jigoro Kano, mwanachuoni wa Tokyo, alianzisha shule yake ya judo, Kodokan, mwaka 1882 ndani ya hekalu dogo la Eishoji, na mwaka uliofuata akawapa wanafunzi wake wawili daraja la dan ya kwanza. Kabla yake, shule za zamani zilikuwa zikimkabidhi mwanafunzi hati ya idhini, na aliyeipata hati ya mwisho ndiye aliyeruhusiwa kufundisha kwa jina la mwalimu wake. Karate, ambayo ni elimu ya visiwa vya Okinawa na haikuwa na mikanda, iliazima utaratibu huo wa Kano: Gichin Funakoshi aliyeileta Tokyo mwaka 1922 aliwatunuku wanafunzi wake wa kwanza mikanda myeusi mwezi Aprili 1924, yaani karne moja tu iliyopita.

Na neno lenyewe *shodan* maana yake ni daraja la kuanzia. Kwa Wajapani, mkanda mweusi wa kwanza humtambulisha mtu aliyemaliza kujifunza irabu, ambaye sasa yu tayari kuanza kusoma. Huku kwetu mtu huyo huyo hufungua dojo, akajiita *sensei*, yaani mwalimu, na baada ya miaka miwili akajiongezea dan ya tano.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa na mgeni jinsi ya kulipima jambo hili, kwa kuwa tunayo mizani yake tangu zamani. Tangu Lamu hadi Kilwa, mtu hakukaa kitako msikitini akafungua kitabu mbele ya watu ila ameulizwa kwanza, kwa adabu lakini bila haya, amesoma kwa nani. Naye akajibu kwamba nimesoma kwa Sheikh fulani, naye alisoma kwa fulani, na hii hapa ijaza yangu, yaani idhini yangu ya kufundisha. Silsila ile ilikuwa ndiyo dhamana yake. Mwenye elimu hakuona kwamba ametukanwa kwa kuulizwa. Aliona fahari, kwa sababu swali lilimpa nafasi ya kuwataja walimu wake.

Nalisema hili kwa kuwa kosa kubwa la wazazi wetu, na la baadhi ya maafisa wetu, ni kuiuliza karatasi badala ya kumwuliza mtu. Chojun Miyagi, aliyeiasisi karate ya Goju-ryu na kufariki mwaka 1953, hakumpa mwanafunzi wake hata mmoja dan yoyote katika maisha yake yote. Je, alikosa sifa? Hasha! Kila mtu wa Naha, mji wake huko Okinawa, alijua kwamba alifunzwa na Kanryo Higaonna, na wanafunzi wake walijulikana mmoja mmoja. Hakuwa na karatasi, alikuwa na silsila.

ZANAKI NA SINEMA

Jiji hili nalo lina silsila yake. Katika miaka ya 1970 Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alifundisha Goju-ryu katika dojo lililopata jina la Zanaki, katikati ya jiji, na kutoka kwake kikatoka kizazi cha walimu waliotawanyika mpaka ng'ambo, ambao hata leo ukiwauliza asili yao hutaja Zanaki kama Mkristo atajavyo kanisa alilobatiziwa. Upande wa Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliyehamia visiwani tangu miaka ya 1980 aliipandikiza judo, akafundisha kizazi cha vijana. Na katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika judo. Mambo haya ni ya kweli, yana majina na yana walioshuhudia.

Lakini sambamba na silsila ile ulikuja mto mwingine, mpana na wenye matope, nao ni mto wa sinema. Bruce Lee alifariki mwezi Julai 1973, na picha zake zikaendelea kuishi katika majumba ya sinema ya Dar es Salaam, kisha katika vibanda vya video vya Manzese, Tandale na Tandika, zikazaa maelfu ya vijana waliojifunza teke kwa kutazama. Bruce Lee alikuwa mtu wa kung fu ya Kichina; wala hakuwa Mjapani, wala hakufundisha karate. Vijana hawakujali tofauti hiyo, na sidhani kama tuna haki ya kuwalaumu. Tatizo lilianza pale mmoja wao alipofikisha umri wa kutafuta riziki, akanunua mkanda mweusi dukani, maana mkanda ni kitambaa na mwenye fedha huuziwa, akasimama mbele ya watoto wa watu.

SHINGO YA MTOTO

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, kwamba mtoto anaruka ruka asubuhi ya Jumamosi na jioni yuko nyumbani kwao salama. Nawaomba wasomaji hao waitazame Japani yenyewe.

Mtafiti wa elimu wa Kijapani, Ryo Uchida, alikusanya kumbukumbu za ajali za judo katika shule za sekondari za nchi hiyo kuanzia mwaka 1983, na hadi kufikia 2011 alikuwa amehesabu vifo vya wanafunzi zaidi ya 110. Wengi wao walikufa kwa jeraha la kichwa, damu ikivuja chini ya fuvu baada ya kuangushwa kinyumenyume, na wengi walikuwa wageni, watoto waliokuwa katika mwaka wa kwanza wa mafunzo, ambao hawakuwa wamefunzwa barabara *ukemi*, yaani elimu ya kuanguka. Hayo yalitokea katika nchi yenye mikeka, yenye hospitali karibu, na yenye walimu ambao vyeti vyao havina shaka.

Ufaransa ilichukua njia nyingine. Tangu sheria ya mwaka 1955, hakuna ruhusa ya kufundisha judo kwa malipo bila shahada inayotambuliwa na serikali, na shahada hiyo hutahini mwili wa binadamu na namna ya kumfundisha mtoto, mbali na mitupo yenyewe. Mkanda mweusi hauitoshelezi sheria ile.

> *Kujua kumwangusha mtu ni elimu moja. Kujua kumfundisha mtoto kuanguka ni elimu nyingine.*

Pale Mbagala sakafu ilikuwa saruji tupu. Niliketi saa moja na nusu nzima, na katika muda huo niliona watoto wakiangushana kwa ndoano ya mguu mara kadhaa. Sikuona hata mara moja wakifundishwa kukaza shingo na kuleta kidevu kifuani.

UPANDE WA MWENYE MKAA

Insafu yanitaka nimsikilize aliyeshitakiwa. Baada ya watoto kutawanyika nilimweleza mwalimu yule, faraghani, maneno ya rafiki yangu juu ya mwaka wa 66. Hakukasirika. Aliketi juu ya tofali, akafungua mkanda wake, akaukunja taratibu kama anavyokunja mtu kanga ya marehemu, kisha akasema kwamba hati ile aliipata kwa mtu wa kibanda cha steshenari, kwa fedha, miaka mingi iliyopita.

"Ndugu mwandishi," akaniambia, "mimi nauza mkaa. Mtihani wa dan waenda kwa dola. Mtahini atoke nje, tiketi yake tuchange, hoteli yake tuchange, ada ya cheti ipelekwe Japani. Nitaitoa wapi? Na wakati ule wa panya road, vijana wa mtaa huu walipokuwa wanatembea na mapanga, hawa wa kwangu walikuwa hapa kila jioni. Hakuna aliyekuja kuwaulizia cheti."

Ni hoja nzito, na nimeigeuza akilini siku nyingi. Ada za vyama vya ng'ambo ni kubwa mno kwa mtu wa Mbagala au Tandale, na vyama vyenyewe, kwa mgawanyiko wa mitindo na ugomvi wa viongozi, vimekuwa vingi kiasi kwamba mtu aweza kuwa na cheti halisi kabisa cha chama kisicho na maana. Wala sikubaliani na wanaotaka watu kama huyu wafukuzwe na majengo yao yafungwe. Watoto wale 23 wangekwenda wapi?

Walakini hoja yake, pamoja na uzito wake, haimjibu yule mama wa vitumbua. Yeye hakudanganywa juu ya dola. Alidanganywa juu ya muhuri, na kwa muhuri huo akatoa mtoto.

Mwananyamala nilimkuta mwalimu wa pili, mwanamke, aliyenihukumia jambo hili bila huruma. Alitoa kijitabu kidogo kilichochakaa pembe, ambamo kila mtihani alioufanya umeandikwa tarehe, mahali na jina la mtahini, na sahihi juu yake. Alichukua miaka tisa kupata dan yake ya kwanza. Wanafunzi wake wapya hukaa miezi mitatu wakianguka tu, juu ya magodoro ya zamani aliyoyaunga kwa turubai, kabla hajawaruhusu kumgusa mwenzao.

"Wazazi huniondolea watoto," alisema. "Wananiambia, dada, mtoto wa jirani kapata mkanda mweusi kwa mwaka mmoja, wewe wangu una mwaka wa pili yuko njano. Nifanye nini? Nami nifungue duka la mikanda?"

Sheria, kwa sehemu yake, haikulala kabisa. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, iliyorekebishwa mwaka 1971, na vilabu na vyama vya michezo vyapaswa kuandikishwa kwa msajili wake. Lakini usajili huuliza katiba, viongozi na wanachama. Klabu yaweza kuwa na katiba nzuri na mwalimu asiyejua kitu. Na dojo nyingi za viungani si klabu kwa maana ya sheria. Ni ua wa nyumba, ni darasa la kuazima, ni banda la mabati.

MASWALI YA KUULIZA

Mzazi hahitaji kujua Kijapani. Amwulize mwalimu jina la mtu aliyemfundisha, dojo lilikuwa mtaa gani, mtihani wake wa mwisho ulifanyika lini na nani alikuwa mtahini, na wanafunzi wenzake wa wakati ule wako wapi. Mtu aliyesoma kweli hujibu maswali hayo huku akicheka, na aghalabu huongeza kisa ambacho hukukiuliza, cha siku aliyovunjika kidole au cha mwenzake aliyezimia. Mwenye hadaa hutaja nchi: atakwambia "Japani," au "Okinawa," na hapo hapo jibu linakoma.

Na akionyesha cheti, kitazamwe kama hati nyingine yoyote. Kodokan huandikisha kila dan inayoitoa, na vyama vikubwa vya karate hutia nambari katika vyeti vyao. Barua fupi kwa makao makuu au kwa chama cha taifa, yenye jina, nambari na tarehe, yatosha kuthibitisha. Akijiita dan ya kumi, msomaji akumbuke kwamba tangu mwaka 1882 hadi leo waliopewa daraja hilo na Kodokan hawafiki watu 20 duniani kote.

KWA MZEE WA KEKO

Nilimwuliza yule mwalimu wa Mbagala swali ambalo fremu yake ya kioo ilikuwa imewazuia watu kumwuliza kwa miaka yote ile. Alinyamaza kidogo. Kisha akataja jina la mtu wa Keko.

Nilimpata mzee huyo Jumanne jioni, nje ya nyumba yake, akitengeneza feni ya jirani. Umri wake umepita miaka 70, na vifundo vya mikono yake miwili vimevimba na kulainika kama mawe ya mtoni. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nilipotaja Zanaki aliweka bisibisi chini, akanihesabia kwa vidole walimu wake na waliokuwa mbele yake, kisha wenzake wa safu moja, na wangapi kati yao wamekwisha kufa.

Nilimwonyesha picha ya mwalimu wa Mbagala. Aliitazama kwa muda mrefu, akaivuta karibu na macho.

"Namjua," akasema. "Alikuwa mtoto wangu. Nilimfundisha miaka minne, akafika mkanda wa kahawia. Ana teke zuri la mguu wa kushoto, bado analo? Basi mwaka ule akaanza biashara, akawa haji."

Nikamweleza habari ya cheti cha ukutani, kwa kadiri nilivyoweza kuieleza bila kumvunjia mtu heshima. Mzee hakusema kitu juu ya cheti. Aliingia ndani, akarudi na daftari la shule lenye jalada gumu, akafunua kurasa zilizogeuka manjano mpaka akalipata jina lile kwa mwandiko wa kalamu ya bluu, na mbele yake nafasi tatu zilizotiwa tarehe na ya nne iliyoachwa wazi.

"Mwambie aje Jumamosi," akasema, akiiwekea kidole ile nafasi. "Aje na vazi lake na mkanda wa kahawia, kama bado anao. Kama hanao, mimi ninao wa akiba."